Sare Iliyoleta Kombe: Fainali ya 1987 na Suala la Utangazaji wa Kandanda katika Fasihi Simulizi ya Kiswahili

Jumamosi ya tarehe 5 Desemba 1987, Gor Mahia ya Kenya na Espérance ya Tunisia zilitoka sare ya bao 1 kwa 1 jijini Nairobi. Katika mkondo wa kwanza uliochezewa Tunis timu hizo zilikuwa zimetoka sare ya mabao 2 kwa 2. Jumla ikawa 3 kwa 3. Katika dakika 180 hakuna aliyemshinda mwenzake, na hata hivyo jioni hiyo nahodha wa Gor Mahia, Austin Oduor, ndiye aliyekabidhiwa Kombe la Washindi barani Afrika, ambalo Wakenya wanalijua zaidi kwa jina la Kombe la Mandela. Lilikuwa taji la kwanza la bara kutwaliwa na klabu ya Kenya. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya, Uganda wala Tanzania iliyolirudia tendo hilo.

Makala haya hayaandikwi na mtaalamu wa michezo. Yanaandikwa na mwanafunzi wa fasihi anayeshangazwa na jambo moja: kwamba tukio kubwa kiasi hicho liliwafikia Wakenya wengi si kwa macho bali kwa masikio, kupitia lugha ya Kiswahili, na kwamba sisi tunaosomea fasihi ya lugha hiyo hatujaamua usimulizi huo tuuweke wapi. Katika shule zetu za upili utangazaji wa mpira hufunzwa kama sajili, chini ya isimujamii. Mwanafunzi hupewa kifungu kifupi, akaulizwa ataje sajili na sifa zake, akaandika kwamba lugha yake ni ya kusisimua na ina msamiati maalumu, akapata alama zake, basi. Msimamo wa makala haya ni kwamba mahali hapo hapatoshi. Utangazaji wa kandanda ni utanzu wa fasihi simulizi, na fainali ya 1987 ni mfano mzuri wa kulionyesha hilo kwa sababu kisa chake hakisimuliki kwa urahisi.

Ugumu wa kusimulia sare

Sare ni adui wa msimulizi. Ngano hutaka mshindi na mshinde, na michezo nayo kwa muda mrefu ilitaka hivyo. Kombe la Gossage, lililodhaminiwa na kampuni ya sabuni ya Uingereza yenye jina hilo, lilianza kushindaniwa mwaka 1926 papa hapa Nairobi kati ya Kenya na Uganda. Mechi iliisha 1 kwa 1. Ikabidi irudiwe, na katika marudio Kenya ikashinda 2 kwa 1. Tanganyika na Zanzibar zilijiunga baadaye, na mashindano ya CECAFA tunayoyajua ni mjukuu wa kombe hilo. Hata katika kandanda ya Kiaustralia, mchezo ulio mbali kabisa na wetu kwa kanuni na kwa umbo la mpira, fainali ya mwaka 2010 huko Melbourne kati ya Collingwood na St Kilda iliisha sare na watu wakarudi uwanjani juma lililofuata ili ipatikane timu bora. Sare ilihesabiwa kuwa hadithi isiyokwisha.

Kuna mfano wa karibu zaidi na wa ajabu zaidi. Mwaka 1967, katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilikutana na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi moja iliisha 1 kwa 1 na nyingine 2 kwa 2. Msomaji atatambua kwamba hayo ndiyo matokeo yale yale ya Gor na Espérance miaka 20 baadaye. Lakini wakati huo mechi ya tatu iliamriwa, Kotoko haikutokea, na kombe likabaki Kongo. (Lubumbashi ni mji wa Kiswahili, cha lahaja yake, kwa hiyo tukisema kwamba Gor ndio waliowaletea Waswahili kombe la kwanza la bara, tutakuwa tumewasahau ndugu zetu wa Katanga.)

Kufikia 1987 kanuni ilikuwa nyingine. Magoli yakilingana, huangaliwa nani alifunga mengi ugenini. Gor ilikuwa imefunga mawili Tunis. Espérance ilifunga moja tu Nairobi. Hebu tuitazame hesabu hii kwa jicho la mtu anayepaswa kuisimulia. Mechi ya Nairobi ingeisha bila bao, kombe lilikuwa la Gor. Ikiisha 1 kwa 1, ni la Gor pia. Ikiisha 2 kwa 2, wangekuwa sawa kwa kila kitu na wangelazimika kupigiana mikwaju ya penalti. Na katika hali ile ya 1 kwa 1, bao moja zaidi la Watunisia lingewapa wao kombe. Kwa hiyo timu ya nyumbani iliyokuwa haijashinda ilikuwa mshindi, na ingeweza kuacha kuwa mshindi kwa teke moja. Msikilizaji asiyekuwa na ubao wa matokeo mbele yake alihitaji kuelezwa hayo yote, tena huku mpira ukiendelea kwenda.

Wala hapakuwa na utulivu wa moyo wa kuyapokea maelezo hayo. Mwaka 1979 Gor Mahia ilikuwa imefika fainali ya kombe hilo hilo ikashindwa na Canon ya Yaoundé kwa jumla ya mabao 8 kwa 0. Na mwezi Agosti wa mwaka huo wa 1987, Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika, timu ya taifa ilifika fainali ikafungwa na Misri bao 1 kwa 0. Msikilizaji wa Desemba alikuwa amezoea kusimuliwa fainali zinazoishia kwa majonzi. Hadhira ya namna hiyo haikai kimya kungoja mwisho. Humkatiza fanani kwa hofu yake.

Redio moja, mitaa mingi

Mwaka 1987 Kenya ilikuwa na shirika moja tu la utangazaji, Sauti ya Kenya, ambalo lilirejelea jina la KBC mwaka 1989. Makao yake ni Barabara ya Harry Thuku katikati ya jiji, hatua chache kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni jambo la kutafakarisha kidogo kwamba kwa miaka mingi tumejadili fanani na hadhira katika kumbi zetu za mihadhara huku fanani hodari kuliko wote nchini wakipita njia ileile tunayopita kwenda kula chakula cha mchana.

Kutoka katikati ya jiji, ukielekea magharibi, unaikuta mitaa ya Kawangware, Riruta, Dagoretti na Kangemi. Hii ni mitaa ya watu waliokuja kutafuta kazi kutoka kila upande wa nchi. Kangemi na Kawangware zina Waluhya wengi, na Mluhya wa Nairobi aghalabu huzaliwa shabiki wa AFC Leopards, mtani na hasimu wa Gor Mahia tangu jadi. Wapo Wakikuyu ambao ndio wenye ardhi hiyo, wapo Waluo, Wakamba, Wakisii. Gor Mahia, kwa upande wake, ni klabu iliyoundwa mwaka 1968 na kupewa jina la shujaa wa visakale vya Waluo, mganga wa Kanyamwa ambaye masimulizi yanamtaja kwa miujiza yake. Mwanzoni mwa muongo wa 1980 vilabu vilitakiwa kuacha majina ya kikabila: Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Reunion. Jina la Gor lilibaki, nadhani kwa kuwa aliyelisikia bila kuijua hadithi hakuona kabila ndani yake.

Swali basi ni hili: ni kitu gani kilichomfanya shabiki wa Leopards wa Kangemi aitege sikio fainali ya Gor na kuiona yake? Uzalendo, mtu atasema. Sipingi. Lakini uzalendo huhitaji kiwakilishi. Katika utangazaji wa Kiswahili mizizi -etu na -ao hufanya kazi kubwa: vijana wetu, lango letu, upande wao. Mtangazaji anaposimulia mechi ya ligi kati ya Gor na Leopards hawezi kulitumia -etu hata kidogo, atapigwa mawe. Siku ya fainali ya bara hulitumia kila pumzi ya tatu. Mpaka kati ya nafsi hizo mbili huchorwa upya kwa sarufi tu, bila hotuba yoyote, na mtu wa Kangemi hujikuta amewekwa ndani yake kabla ya kuulizwa ridhaa. Kwa Kidholuo simulizi hilo lingekuwa tamu mno kwa wenyewe, lakini -etu yake ingekuwa nyembamba zaidi. Haya ndiyo mambo ambayo somo la sajili haliyagusi.

Kiswahili chenyewe kilikwisha kuingia ndani ya klabu hiyo kwa njia ya mzunguko. Mashabiki wa Gor huiita timu yao Sirkal. Neno hilo ni serikali, lililoingia Kidholuo likafupishwa, kisha likarudi mitaani Nairobi likiwa jina la sifa.

Sarufi ya mpira unaokwenda

Msemo maarufu kuliko yote uliowahi kuzaliwa na utangazaji wa mpira nchini Kenya ni "Kadenge na mpira". Joe Kadenge alikuwa nyota wa Maragoli United, Abaluhya na timu ya taifa katika enzi za kabla na baada ya uhuru. Alifariki tarehe 7 Julai 2019. Msemo huo unajulikana hata na vijana waliozaliwa miaka 30 baada ya yeye kuacha kucheza. Tuuchunguze kama tunavyouchunguza mshororo wa shairi. Una maneno 3 na hauna kitenzi. Kisarufi tungetarajia "Kadenge ana mpira" au "Kadenge yuko na mpira", lakini kiambishi cha nafsi kimedondoshwa, na kilichobaki ni mtu na kitu vikiunganishwa na silabi moja. Mizani zake ni 7, pungufu kwa 1 tu ya kipande cha tarbia. Aliyeusema mara ya kwanza hakuwa na muda wa kitenzi. Na kwa kuwa hakukitia, hakutuambia Kadenge anafanya nini. Msikilizaji akaachiwa kazi ya kumfanyisha Kadenge chochote moyo wake unachotaka. Huo ni uchumi wa lugha ambao walimu wetu wa ushairi huusifu sana wanapoukuta kwenye karatasi.

Nyakati nazo zina mpangilio wake. Mtangazaji mzuri hatumii -na- peke yake. Mchezo ukienda polepole atasema (mfano ni wangu) "anautuliza, anatazama kulia, anampa mwenzake". Mpira ukikaribia lango, -na- hutoweka na pahali pake huja -a-: "apokea, ageuka, aachia mkwaju!" Silabi moja imepunguzwa katika kila kitenzi na kasi imeongezeka. Vitabu vyetu vya sarufi huuita wakati huu hali isiyodhihirika. Jina hilo huniletea kicheko kila nisikiapo mpira, maana hakuna kinachodhihirika kuliko mtu aliyeachia mkwaju sekunde hii hii.

Halafu bao linaingia. Baada ya ukelele, mtangazaji hurudi nyuma na kulieleza: "alipokea kutoka kushoto, akamhadaa beki, akageuka, akapiga". Sasa tumeingia katika -li- na -ka-. Hizi ni nyakati za ngano. Ndizo nyanya zetu walizotumia kutusimulia habari za sungura na fisi. Kwa maneno mengine, tukio moja husimuliwa mara mbili katika muda wa dakika moja, kwanza kama kitu kinachotendeka na halafu kama kisa kilichokwisha tendeka. Katika fainali kama ile ya 1987 hatua ya tatu huongezwa, ile ya masharti: -ki-, -nge-, -ngali-. Wakifunga tena, tutakuwa tumelikosa. Ingeisha hivi, ni letu. Dakika za mwisho za sare inayoleta kombe haziwezi kusimuliwa ila kwa -ki- na -nge-, na sijui tungo gani nyingine ya Kiswahili inayolazimisha hali hizo zikae na -a- katika pumzi moja.

Kuhusu msamiati nitasema machache kwa kuwa wengi wameusema. Makombora, ngome, mashambulizi na safu ya ulinzi vimetoka vitani. Bao limetoka kwenye mchezo wa kale wa kete. Lakini neno linalonivutia zaidi ni nahodha. Ni neno la majahazi, la pwani ya Bahari ya Hindi na misimu ya kaskazi na kusi, na hapa linamvaa mlinzi kutoka nchi ya Ziwa bila mtu yeyote kuliona kuwa geni.

Lakabu za mashujaa

Nahodha huyo, Austin Oduor, lakabu yake ilikuwa Makamu. Timu iliongozwa na Makamu! Wenzake wa miaka hiyo walikuwamo George Onyango aliyeitwa Fundi, Sammy Onyango aliyeitwa Jogoo, Tobias Ocholla aliyeitwa Jua Kali, John Okello aliyeitwa Zangi, na Abbas Khamis Magongo aliyebandikwa jina la klabu ya Misri, Zamalek. Peter Dawo aliibuka mfungaji bora wa mashindano hayo.

Mtaala wetu wa fasihi simulizi unaitambua lakabu kama kijitanzu cha semi, na wanafunzi hukaririshwa mifano ya wafalme na waandishi. Hakuna ubaya. Lakini tazama lakabu hizi za Gor zinavyofanya kazi hewani. Onyango ni wawili, na redio haina sura; Fundi na Jogoo huwatenganisha papo hapo. Tena kila moja ni sitiari tayari. Jogoo huwika, Fundi hurekebisha, Jua Kali hutoa vitu kwa nyundo na jasho bila karakana. Mtangazaji aliyepewa majina hayo amepewa nusu ya sifo bila kutunga. Nne kati ya lakabu hizo ni maneno ya Kiswahili safi, zikiwakalia wachezaji wa klabu iliyoitwa kwa shujaa wa Waluo.

Pingamizi mbili

Msomaji mwenye kusoma kwa makini atakuwa na pingamizi. Ya kwanza ni kwamba mtangazaji habuni, anaripoti. Hili halinisumbui. Hemedi bin Abdallah aliutunga utenzi wa vita vya Wadachi kuhusu vita vilivyopiganwa kweli Mrima, na hakuna aliyeutoa katika fasihi kwa kosa la kusema kweli. Ubunifu uko katika kuchagua. Uwanjani wamo watu 22 wakitenda mambo 22 kwa wakati mmoja, na ulimi ni mmoja.

Ya pili ni nzito. Fasihi simulizi huhitaji fanani na hadhira ana kwa ana, na mtangazaji hawaoni wasikilizaji wake. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye sajili. Lakini katika uainishaji uliotolewa na Mulokozi katika jarida la Mulika mwaka 1989, ambao sote tumeusoma, kuna utanzu wa ngomezi: mdundo wa ngoma wenye ujumbe, unaopelekwa kwa watu walio mbali na macho ya mpigaji. Ikiwa ngoma inayosikika ng'ambo ya kilima ni fasihi simulizi, redio inayosikika Kangemi kutoka uwanjani haiwezi kukataliwa kwa sababu ya umbali. Isitoshe, hadhira ya mpira huwa pamoja. Hujibizana yenyewe kwa yenyewe kando ya redio, humtukana refa, humsahihisha mtangazaji asiyewasikia. Anayetaka ushahidi apande matatu ya namba 46 hadi Kawangware siku ya mechi kubwa asimame nje ya kibanda chochote.

Nasaba ya utanzu huu ingeweza kutushawishi pia. Leonard Mambo Mbotela, aliyeingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, aliyekuwa mtangazaji wa mpira na mwenye kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? kuanzia 1966, alikuwa mwana wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, mojawapo ya masimulizi ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili, kilichochapishwa 1934. Kitabu cha baba tunakitahini. Sauti ya mwana, aliyefariki tarehe 7 Februari 2025, tunaiita sajili.

Kazi iliyopo

Kinachohitajika ni matini. Hatuwezi kuhakiki kumbukumbu za wazee peke yake. Tunahitaji kanda zisikilizwe, zinukuliwe neno kwa neno na ziwekwe maktabani ambapo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuzifikia. Wenzetu wa Tanzania wana sababu ya kufanya hivyo sasa hivi. Mwaka 2023 Young Africans ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 2 kwa 1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, ikaenda Algiers ikashinda 1 kwa 0, na kombe likabaki Algeria kwa kanuni ileile ya goli la ugenini iliyoipa Gor lake. Huo ni ushindi uliosimuliwa kama msiba. Kuuweka ubavuni mwa sare iliyosimuliwa kama ushindi ni mada ya tasnifu nzima, na namhimiza mwenye nafasi aichukue kabla sijaichukua mimi.

Atakayeianza atakutana mapema na tatizo ambalo sisi tuliozoea matini yaliyochapwa hatuna jibu lake. Neno goli lina silabi mbili. Mtangazaji hulivuta hadi pumzi yake iishe, na katika mvuto huo sauti hupanda, hutetemeka, huvunjika. Mnukuzi ataandika o ngapi? Akiandika moja ameua tendo zima. Akiandika kumi na tano amechora tu, hajapima. Waliofanya kazi ya kunukuu nyimbo za kazi na nyiso kwa ala za kupimia sauti wana ujuzi wa kutupa hapa, na ofisi zao ziko katika jengo lilelile la idara yetu, ghorofa moja juu.